Saini Isiyo na Nukta

"Askofu, hii saini ni yako au si yako?"

Bosi aliuliza huku wenzetu wa stoo ya dawa wakichekea pembeni. Askofu ni jina la dhihaka walilompa mchumba wangu kwa sababu husali kabla ya kula, na hajawahi kuandika joto la friji ambalo hakulisoma mwenyewe.

Siku mbili kabla ya hapo friji ya chanjo ilizimika siku nzima. Bosi akataka daftari liandikwe nyuzi nne kama kawaida. Mchumba wangu akakataa katakata. Mimi kimbelembele, nikiogopa asije akafukuzwa wiki tatu kabla ya harusi yetu, nikaandika nne na kuiga saini yake. Nilisahau nukta tu. Yeye huweka nukta mwishoni, ili mtu asiongeze kitu.

Sasa mkaguzi alikuwa kaja, na daftari lilikuwa wazi mezani.

"Si yangu," alisema. "Na chanjo zile zimeharibika. Msimchome mtoto wa mtu."

"Ya nani basi?" mkaguzi akauliza.

Mchumba wangu aliniangalia.

"Aliyeandika yumo humu. Mpeni nafasi aseme mwenyewe."

"Anajitetea huyo!" bosi akadakia. "Dada, wewe ni mchumba wake. Unajua lolote?"

"Mimi?" nilisema. "Sijui anachozungumzia."

Wenzetu waliangua kicheko. "Hata mchumba kamkana! Askofu, muite Yesu wako aje ashuhudie!"

Chanjo zilitupwa, na yeye akafukuzwa siku hiyohiyo. Nilimpigia simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Kwa nini hukunitaja?" nililia.

"Nilitaka useme mwenyewe."

"Nilifanya kwa ajili yako, mpenzi!"

"Najua. Ndiyo maana inauma. Rudi ukawaambie ukweli, nitakungoja nje getini. Hata wakikufukuza, tutaoana."

"Sote wawili tukae bila kazi? Nipe muda."

Akakata simu. Jioni ikaingia meseji: "Nilikungoja mpaka wakafunga geti. Nimekusamehe, ila kwenye harusi sitafika."

Gauni bado limetundikwa nyuma ya mlango wangu. Kazini wamenipa nafasi yake, na daftari lake. Leo asubuhi nimefungua friji, kipimo kinasoma nyuzi kumi na moja. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikaandika nne.