Pikapu ya Karani wa Stoo

Usijifanye hukuiona. Ilipita mbele ya duka ulikokaa na chai yako, ikitoa moshi mweupe, wanawake wanne wakiisukuma huku karani amekaa ndani ameshika usukani. Wewe ukageuza uso, ukaangalia milima. Ulipoulizwa baadaye ukasema, "Mimi sijui mambo ya magari." Haya. Kwani nani alihitaji fundi? Akeno hakuwa fundi. Alikuwa mpishi wa uji, na yeye ndiye aliyejua.

Ilikuwa Kakuma, mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na tisa, mifugo mingi imekufa kwa ukame na watu wamekuja kukaa karibu na sufuria za uji wa msaada. Saa nne asubuhi Akeno alikuwa ameinama akikoroga uji wa watoto. Pikapu ya kijani ikaingia uani ikikohoa, ikatetemeka, ikazimika yenyewe. Mchumba wake Ekwam akaruka chini kama mtu aliyeshuka kwenye ndege.

"Ejok, Akeno! Njoo uone gari letu."

"Letu wewe na nani?"

"Mimi na wewe! Karani ananiuzia."

Nyuma ya usukani Cornelius alikuwa anajifuta jasho kwa leso. Huyu ndiye karani wa stoo ya chakula cha msaada kule Lodwar, na kila gunia la unga lililofika Kakuma lilipitia mkononi mwake.

"Utamlipa nini?" Akeno akauliza. "Wewe ni taniboi wa lori la samaki. Una nini wewe?"

"Si nina mbuzi."

Akeno akaacha kukoroga. "Mbuzi gani?"

"Si wale arobaini..."

"Wale wa mahari yangu?"

"Punguza sauti, mzee atasikia!"

Mzee alikuwa Lomenen, baba yake Akeno, aliyekaa kwenye kigoda chake kivulini mwa ukuta, macho yamefumbwa, masikio wazi.

"Sikiliza, Akeno. Nabeba samaki wakavu kutoka Ferguson's Gulf kule ziwani mpaka Lodwar. Mwaka mmoja tu. Halafu namletea baba yako mbuzi mia."

"Miaka miwili amekungoja. Yule mzee wa Kaikor mwenye ngamia ametuma watu mara mbili kuniposa. Baba akisikia mahari yangu imemezwa na injini, mimi naenda Kaikor. Unanisikia?"

"Injini ni nzima! Ina kiu tu."

"Kutoka Lodwar mpaka hapa mmesimama mara ngapi?"

"Mara chache."

"Ngapi?"

"Saba."

"Na mkasukuma."

"Hiyo ni starta. Starta si injini."

"Na huu moshi?"

"Moshi si starta."

Akeno akamtazama jinsi mtu anavyomtazama punda aliyekataa kunyanyuka.

"Akeno!" Nawoi, mama wa watoto wanne, akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Wacha mapenzi, pika! Mpishi ananenepa, uji wetu ndio unakonda!"

Wanawake wakacheka. Akeno hakucheka. Ilikuwa wiki ya tatu anaitwa mwizi. Uji ulikuwa mwepesi, ndiyo, mtoto aliweza kuona uso wake ndani. Magunia yalikuwa yanafika nusunusu, na Cornelius alikuwa amempelekea barua kwa mkono wa dereva: "Mpishi. Unga umepungua huko unakotoka. Ongeza maji. Usiulizeulize." Akaongeza maji. Akatukanwa kila asubuhi, akanyamaza, maana angemwambia nani?

Cornelius akafungua boneti ili injini ipoe. Rejeta ilikuwa inachemka, inatema mvuke puu, puu. Upepo ukachukua mvuke ule ukaupeleka kwenye foleni.

Mtoto mmoja akageuka. Akanusa. Akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama mbele ya boneti, kikombe mkononi. Wakafuata watatu. Kisha foleni nzima ya watoto ikahama, ikajipanga mbele ya gari, vikombe vimenyooshwa.

"Mungu wangu," Nawoi akasema, "siku hizi hata gari linapika!"

"Toeni hawa watoto hapa!" Cornelius akafoka. "Wataungua!"

Akeno akalowesha gunia, akafunika kizibo cha rejeta, akakifungua polepole. Kitu kizito cha njano kikabubujika, kikateremka juu ya chuma. Akachota kwa ncha ya mwiko. Akanusa. Miezi yote ile mikono yake ilikuwa na harufu hiyo; hakuna sabuni iliyoiondoa.

"Ni uji," akasema. "Tena mzito kuliko wangu."

"Hiyo ni dawa ya rejeta, mama," Cornelius akajibu. "Unga unaziba matundu. Fundi yeyote atakwambia."

"Unga wa njano? Huu wa watoto?"

"Kidogo tu."

Hapo Akeno akamwona Ekwam anaangalia viatu vyake.

"Ekwam. Ulijua?"

"Alisema ni dawa."

"Tangu mwaka huu uanze unakula unga wa njano kama sisi sote. Hukuutambua?"

"Niliutambua."

"Ukafanya nini?"

"Nikashika faneli juu ya rejeta. Yeye akamimina."

"Na magunia yanayofika nusu? Yote yameingia kwenye rejeta?"

"Hayo yanaenda madukani," Ekwam akasema kwa sauti ndogo. "Napakia mimi. Alisema akiniuzia gari, bei itakuwa ya kindugu."

Akeno alitaka kumpiga na mwiko. Akakumbuka wiki tatu za matusi. Akakumbuka alivyokuwa akimlilia huyuhuyu, akimwambia wananiita mwizi, Ekwam, na huyuhuyu akimfuta machozi na kusema watu wana midomo tu, mpenzi, wapuuze.

Cornelius akawavuta wote wawili nyuma ya jiko. Sauti yake ilikuwa imelainika kama mafuta ya kondoo juani.

"Vijana wangu, tusiharibiane. Ekwam, chukua gari. Bure! Mbuzi baki nao, mpe mzee, mwoane wiki hii hii. Mimi kazi yangu ni kusaini karatasi tu. Nani atajua?"

"Bure?" Ekwam akauliza.

"Bure kabisa. Na wewe mama, wiki ijayo nakuletea magunia yamejaa. Uji mzito, kelele zinaisha."

Usimwone Akeno kama malaika. Aliifikiria. Mbuzi arobaini wakiingia kwa baba yake, Kaikor inasahaulika, na mwanaume aliyempenda tangu wakiwa wachungaji anakuwa wake. Ilibaki kufunga mdomo tu, na kufunga mdomo alikwisha kuzoea.

"Akeno," Ekwam akanong'ona, "tumepata kila kitu. Gari na harusi. Sema ndiyo."

"Wale wanawake wataendelea kuniita nani?"

"Watasahau."

"Mimi je, nitakuita nani? Nikilala kando yako nitakuita nani, Ekwam?"

Ekwam akaanza kuchora mchangani kwa ncha ya kiatu.

"Nenda kawaambie," Akeno akasema. "Sema kila kitu, na faneli useme. Ukishindwa, panda gari lako uende, na mimi nitamwambia baba awajibu watu wa Kaikor. Leo. Sikungoji tena."

"Watanipiga!"

"Watakupiga. Na mimi nimepigwa kwa midomo wiki tatu, wewe ulikuwa wapi?"

Ekwam akaitazama pikapu mara ya mwisho. Kisha akaenda. Akasimama mbele ya foleni, akasema yote. Alipotaja faneli sauti ilikatika; akarudia. Nawoi akamfikia wa kwanza, akamzaba kofi, akamzaba la pili, kisha akamgeukia Akeno.

"Dada yangu," akasema, na machozi yakamshinda. "Dada, nisamehe."

Cornelius alikuwa ameshaingia garini. Akawasha: kikohozi. Akawasha tena: hakuna kitu.

"Sukumeni!" akaita. "Nyinyi mama, njooni msukume!"

Hakuna aliyesogea. Wakakaa chini kuizunguka pikapu, watoto mapajani, wakakaa mpaka siku ya pili afisa wa wilaya alipofika. Afisa alitaka mambo yaishe kimyakimya. Nawoi akamwambia, "Bwana mkubwa, inama unuse."

Mzee Lomenen alifumbua macho jioni ile ya kwanza, akamwita Ekwam.

"Mbuzi arobaini, nilisikia. Na ngamia mmoja."

"Ngamia, mzee? Tulikubaliana mbuzi!"

"Ngamia ni wa uwongo uliomwambia mtoto wangu. Huna?"

"Sina."

"Basi utafute. Watu wa Kaikor nitawarudisha mimi."

Akeno hakumwokoa. Alimwacha arudi kwenye lori, apakie samaki, anuke samaki, miezi saba. Mwezi wa tano mwaka uliofuata Ekwam aliingia Kakuma kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaswaga mbuzi arobaini na kumvuta ngamia jike mwembamba mwenye hasira.

"Anakamuliwa huyu?" Akeno akauliza.

"Anauma," Ekwam akasema. "Lakini anatembea bila kusukumwa."

Hapo ndipo Akeno alipocheka. Walioana siku ya nne baada ya hapo, na Nawoi ndiye aliyemvisha bibi harusi shanga.

Na Cornelius? Hakufungwa. Walimhamisha. Wakampa stoo nyingine, ufunguo mwingine, magunia mengine. Huenda stoo hiyo ni ya kwenu, na huenda leo asubuhi mtoto wako amekunywa maji ya njano ukaambiwa ndio uji. Usimwachie mpishi. Simama sasa hivi, mchukue jirani yako, nendeni mpaka kwenye mlango wa stoo, mwambieni mwenye ufunguo afungue. Asipofungua, kaeni hapo mlangoni msiondoke.