Picha ya Binti wa Mshonaji

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alitupa mkoba wake chini ya meza ya mbele katika studio ya picha ya shangazi yake, akanawa mikono, kisha akaketi kwenye kompyuta kupokea wateja. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyu hakuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu. Wateja walimpenda. Ukimtajia jina lako, vidole vilikimbia, na sura yako ikatokea kwenye kioo cha kompyuta kabla hujamaliza salamu.

Picha zenyewe hazikukaa katika kompyuta hiyo. Zilitunzwa kwenye seva, yaani kompyuta nyingine iliyofungiwa chumba cha nyuma, na programu ya pale mezani ilizifuata huko kupitia waya. Kwa muda sasa programu hiyo ilikuwa ikileta ujumbe kwamba toleo jipya liko tayari.

"Usiiguse," shangazi alikuwa amemwambia. "Tumngoje fundi."

Lakini mchana mmoja, shangazi akiwa ndani anawapiga picha maharusi, mikono ilimwasha Chapuchapu. Akabonyeza "Kubali". Programu ikajifunga, ikajifungua tena, na kwa nje haikuwa imebadilika hata kidogo. Akashangaa kidogo, kisha akasahau.

Haikupita muda, bibi mshonaji akaingia akipapasa ukuta. Nusu ya watoto wa mtaa walivaa sare alizoshona yeye. Jicho lake moja lilizimika zamani, na la pili sasa lilikuwa na uvimbe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitafutie picha ya marehemu binti yangu, ile aliyopigwa hapa akiwa na gauni jeupe. Yangu imeharibiwa na maji ya paa. Kesho asubuhi madaktari wanalitoa jicho hili. Nataka nimwone mwanangu mara moja tu, kabla giza halijaingia."

Chapuchapu aliandika jina. Kioo kikajibu kwamba imeshindikana kuunganishwa na seva. Akajaribu tena na tena. Akakumbuka alichobonyeza, akamwita shangazi.

Shangazi alikuja mbio, akampigia simu fundi wa kompyuta. Fundi aliyefika alikuwa mtu wa mizaha, aliyezoea kuzungumza na mashine kama daktari na mgonjwa. "Haya mama, unaumwa wapi?" aliiuliza kompyuta. Akakagua waya. Waya mzima. Akageuka. "Kuna mtu aliyebadilisha chochote hapa?"

Shangazi alimtazama Chapuchapu. "Umegusa kitu?"

"Hapana, shangazi. Nimeikuta hivi hivi."

"Basi ugonjwa uko kule nyuma," fundi alisema. Akahangaika na seva hadi jasho likamtoka. Mwishowe alisema pengine diski inayotunza picha imekufa, akaibeba seva nzima kwenda nayo karakanani kwake.

Bibi mshonaji alikuwa amekaa muda wote huo, mikono mapajani. Alipoambiwa, hakulalamika. Alimvuta Chapuchapu karibu na dirisha, akausogeza uso wake hadi pua zikakaribia kugusana.

"Basi nikutazame wewe," alisema. "Una umri aliokuwa nao kwenye picha ile. Nakuona kwa mbali, lakini nakuona."

Chapuchapu alitaka kusema. Badala yake akamfungulia mlango. Alimwona bibi akitoka huku akihesabu vizingiti kwa mguu, na usiku ule hakula.

Kesho yake alasiri fundi alirudi na seva, kichwa kinamuuma. "Nimeipima yote. Nzima kabisa! Sasa nimwulize nani?"

Hapo Chapuchapu akaangua kilio. "Ni mimi! Niliweka lile toleo jipya. Niliogopa kusema."

Hakuna aliyemgombeza. Fundi alivuta kiti cha meza ya mbele, akafungua mipangilio ya programu. "Ona hapa. Toleo jipya limefuta anwani ya seva, likaweka yake. Ndiyo maana inazitafuta picha humu humu ndani yake, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe na hakuna mtu ndani." Akaandika anwani sahihi, akaweka nywila. Picha zikamiminika kwenye kioo. Ilikuwa kazi ndogo mno, na hilo ndilo lililomuumiza Chapuchapu kuliko yote.

"Ungeniambia jana," fundi alisema polepole, "bibi angeiona."

Shangazi aliichapisha picha, akaitia kwenye bahasha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Utampelekea wewe mwenyewe. Na utamwambia."

Hospitalini, bibi mshonaji alikuwa amelala chali, bandeji imemzunguka kichwa. Chapuchapu alimweleza yote, sauti ikikatika. Bibi alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema. Akaipapasa ile karatasi, juu, chini, pembeni. Ilikuwa laini mahali pote. "Haya. Ulijionea huruma, taabu ukaniachia mimi. Sasa niambie kilichomo. Usiongeze, usipunguze."

"Anacheka, bibi. Ana mwanya. Mkono mmoja ameuweka kiunoni. Gauni ni jeupe, lina vifungo vidogo..." Akasita. Alikuwa akizungumza na mshonaji hodari kuliko wote mtaani. "Bibi, pindo limelegea upande wa kulia. Limening'inia, na uzi unaonekana."

Bibi alitoa sauti iliyokuwa kicheko na kilio kwa pamoja. "Ndiye! Nilimwambia asimame nimalizie pindo, akanichomoka, akakimbilia picha!" Akaikumbatia karatasi kifuani, mabega yakitikisika. Chapuchapu naye akalia, akimshika mkono.

Alipotulia, bibi alisema, "Ungeniambia pindo limenyooka, ningejua unanibembeleza, nisingemwona. Sasa nimemwona kidogo, kwa sababu umesema kweli. Lakini jana, mjukuu wangu, kweli hiyo hiyo ingeniwezesha kumwona kwa jicho langu mwenyewe. Ukikosea tena, na utakosea, sema wakati mtu bado anaweza kusaidiwa."

"Nitasema, bibi."

"Haya. Nielezee tena, anzia kwenye kicheko."