Pingili ya Tisini na Nne

Jumatatu fundi saa aliacha ameunganisha pingili thelathini na moja za mnyororo wa kifaru chake cha plastiki. Jumanne aliporudi nyumbani kutoka kazini na kuketi mezani pake, alikuta thelathini na nne.

Alihesabu tena kwa ncha ya kibano, moja moja. Starehe yake mzee huyu ilikuwa kuunda vifaru vya vita vya plastiki, vidogo vya kuenea kiganjani, na katika kifaru hakuna kazi ya kukera kama mnyororo: pingili tisini na nne, kila moja kama punje ya mchele, unazigandisha kwa gundi mpaka macho yanatoka machozi. Pingili hazijiungi zenyewe. Tena hizo tatu zilinyooka kuliko zake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nani kagusa meza yangu?"

"Nani ana muda na midoli yako, mume wangu?" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Mwenye muda alimjua. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alihamia kwao tangu kiwanda kilipomwachisha kazi, na kutwa alishinda peke yake nyumbani, mikono mitupu, mdomo haupumziki. Lakini mkewe ndiye aliyemlea kijana yule baada ya mama yao kufariki; ukimgusa yeye umemgusa mke. Fundi akaamua kumchunga tu.

Jumatano zilikuwa arobaini na mbili. Alhamisi, hamsini na tisa, na sebule nzima ilinuka dizeli.

"Umeleta nini humu ndani?" fundi alifoka.

"Mimi? Si gundi yako hiyo, shemeji. Ishakupanda kichwani."

Ndipo fundi alipomwambia atafute pa kulala. Shemeji alifunga begi bila kubishana, akapita mezani, akatoka mkono ukiwa mfukoni, anatabasamu. Mkewe alisimama mlangoni mpaka ndugu yake akapotea kwenye kona.

"Umemfukuza mdogo wangu kwa sababu ya midoli," alisema taratibu. "Usipomrudisha, na mimi nitamfuata."

Ijumaa fundi alirudi saa nane mchana. Nyumba ilikuwa imefungwa, mkewe yuko sokoni, shemeji hayupo, na bado alipovua viatu barazani alisikia mlio kutoka sebuleni, mlio wa chuma kugonga chuma, hali mezani hapakuwa na chuma hata kipande, akasogea akijishika ukutani, harufu ya dizeli na nywele zilizoungua ikimjaa kooni, akachungulia, akaona kiti kitupu kimebonyea katikati kama kimekaliwa na mtu mzito, kitambaa cha meza kimebonyea penye viwiko viwili, na pingili zinatambaa moja baada ya nyingine kwenda kushikana na zilizotangulia, bila haraka, kama kazi ya mtu aliyeizoea.

Alikimbia peku mpaka sokoni. Mkewe hakucheka. Ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mpole aliyekitazama kile kiti muda mrefu na kukataa kukikalia.

"Kifaru hiki ulikipata wapi, baba?"

"Kwenye mitumba. Mwenyewe wa kwanza alishaunga pingili kumi na tano. Nilifurahi, nikasema kazi imepungua."

"Ukaendeleza bila kuuliza kwa nini aliacha." Mganga aliteremsha sauti. "Huyu anayekaa kitini hapa anataka mnyororo ufungwe ncha kwa ncha. Mikono itakayoufunga itakuwa yake. Zibandue zote, unitilie kwenye chupa niondoke nazo. Ikibaki hata moja, atakwenda iliko."

Fundi alibandua mpaka vidole vikafa ganzi. Akahesabu: tisini na tatu. Hakushtuka. Hakuna mwunda vifaru asiyepoteza pingili sakafuni, na watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kila kisanduku huja na za akiba. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukachomoa moja ya akiba ukaitumbukiza chupani.

"Zimetimia?"

"Zimetimia."

Jioni harufu ilikuwa imekwisha. Fundi aliona aibu kubwa, na kweli alimkosea shemeji yake. Jumapili asubuhi, yeye na mkewe walikwenda kuomba radhi katika chumba alichopanga.

Dizeli waliisikia tangu kwenye ngazi.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, amewapa mgongo, mkasi mkononi, makopo ya maziwa yaliyokatwakatwa yamemzunguka. Vidole vilivuja damu. Mapajani mwake ulilala mnyororo mrefu wa vipande vya bati, na kwenye ncha yake ya mbele palikuwa na pingili moja ndogo ya plastiki.

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Nilichukua moja tu, shemeji. Nilitaka kukukera."

"Mdogo wangu, uweke chini huo mnyororo," dada yake alinong'ona. "Nakuomba."

"Namalizia, dada. Imebaki kufunga tu."

Fundi aliruka kumshika mikono. Shemeji alikuwa ameshainua ncha moja, na ncha ya pili ikainuka yenyewe kuifuata.