Fuko na Masale ya Mpakani

Fuko wa chuma alichomoza katikati ya migomba, pua imejaa tope, akalia pii! kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Kimo chake hakikuzidi gunzi la hindi. Tangu alfajiri alikuwa akitambaa chini ya kihamba cha Mama Eliufoo, shamba lake la ukoo, akigusa mzizi baada ya mzizi, akipima unene wake na nguvu yake ya kushika udongo, na habari za kila alichogusa alizipeleka kwa Bi Udongo.

Bi Udongo hakuwa mtu. Alikuwa akili bandia ya Ngazini, mji uliopanda mlima Kilimanjaro daraja kwa daraja, paa la huyu likiwa ua wa yule. Jina lake rasmi lilikuwa refu na halina ladha, kwa hiyo watu walilitupa wakampa hilo. Kazi yake ilikuwa moja: kujua mteremko upi utakaa na upi utaporomoka.

"Mhandisi Aikande," alisema kupitia bangili mkononi mwa mhandisi, "mizizi ya mtaa huu wa Kirimeni haitoshi. Mvua ikirudi kama ya jana, mteremko utashuka. Watu waondoke leo. Jitu la Saruji lifyeke mimea na kumwaga saruji."

Jitu lenyewe, mtambo wa kufunika miteremko kwa saruji, lilikuwa limeshafika barabara ya chini, linanguruma. Nusu ya majirani walikuwa wameshateremka na magodoro na mbuzi wao. Aikande alisimama kwenye migomba, akalitazama. Mafuko aliyaunda yeye, Bi Udongo naye alifundishwa na yeye, na kihamba kilichokuwa kinakwenda kufyekwa kilikuwa cha mama mkwe wake. Angemwambiaje? Na asipomwambia, mlima ukamfunika, angemwambiaje mumewe aliyeko machimboni mwezini?

"Mama, chukua nguo tu. Vingine nitakununulia."

"Na baba yenu?" Mama Eliufoo alielekeza kidevu kwenye kaburi la marehemu mumewe, pale kwenye migomba. "Utaninunulia mwingine?"

"Mama, nisikilize. Mbuni una mzizi mkuu, unashuka wima kama msumari. Huo ndio unaopigilia udongo wa juu kwenye udongo wa chini. Mgomba hauna msumari. Mizizi yake ni nyuzinyuzi, mingi, inatambaa juu juu na kushika tope kama wavu. Sasa wavu usiopigiliwa misumari ya kutosha, ukilowa, unateleza wote kwa pamoja na nyumba zilizo juu yake. Na mibuni wewe umeing'oa."

"Nimeing'oa kwa sababu kahawa hailiwi! Wewe ndizi za nyama ulizokula Krismasi ulidhani zimetoka wapi?"

Aikande alizikumbuka vizuri. Ndizi zile alikula sahani mbili.

Mama Eliufoo aliondoka kwa hasira hadi kaburini, akakata tawi la sale. Mchaga hahitaji kuelezwa sale ni nini, lakini mgeni aambiwe: ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Haung'olewi hovyo. Na ukiletewa jani lake limefungwa fundo, hata kama aliyekukosea alikuchomea nyumba, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe.

Mama Eliufoo alimwinamia fuko, akamtupia tawi lile mbele ya pua. "Haya, nawe kidudu! Nakuomba kwa sale, tuache!"

Fuko alinusa. Akasita. Akageuka, akashika njia nyingine.

"Mae! Hata mashine ina adabu kuliko wakwe!" Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Aikande naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Fuko hakuwa na adabu. Alikuwa ametii. Siku mafuko yalipoletwa Ngazini, wenye vihamba walikataa katakata masale yao kuguswa, na Aikande, mtoto wa mlimani, hakuona hata la kubishania. Alimfundisha fuko harufu ya sale, akamwambia: ukiikuta, geuka. Ilikuwa heshima tupu. Wala hakukumbuka kumweleza Bi Udongo.

"Bi Udongo! Mipakani pana mizizi gani?"

"Hakuna."

"Hakuna, au fuko hakufika?"

"Hakufika. Pasipofikiwa nimepahesabu patupu."

Yarabi! Kirimeni nzima imekatwa na mistari ya masale, ikiupita mteremko kutoka upande hadi upande, na yote ilikuwa imehesabiwa hewa! Lakini je, ingetosha? Hilo hakuna aliyelijua. Ilibidi fuko apite kwenye masale, na sale la mpakani lina wenyewe wawili. Mwenyewe wa pili alikuwa Mzee Kisamo, jirani wa chini, ambaye hakuwa amesalimiana na Mama Eliufoo tangu marehemu angali hai, kwa ugomvi wa mpaka huohuo.

Mzee alikuwa anafunga mzigo wake ng'ambo ya masale, kila neno amelisikia. Bibi alisimama upande wake wa masale, akachuma jani, akalifunga fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili. Mzee alilitazama muda mrefu, kisha akamtazama yeye. Mwishowe akalipokea.

"Pitisheni hicho kidude chenu," alisema.

Aikande alifuta katazo, fuko akazama. Picha ikaanza kujichora hewani juu ya bangili. Mizizi ya masale ilikuwa minene, imeshuka na kusokotana, shina moja limeshikana na jirani yake mpaka huwezi kusema lipi limeishia wapi. Imekamata nyuzi za migomba kwa juu na kuzishonea chini. Na nyuma yake, ndani kidogo ya kihamba cha Mama Eliufoo, safu ya pili. Mashina yaliyokatwa zamani usawa wa ardhi, yamefukiwa na majani ya migomba, lakini yangali hai.

"Safu mbili," alisema Bi Udongo. "Moja isingetosha, lakini kwa mbili mteremko utakaa. Nimelirudisha Jitu la Saruji."

Aikande alikaa chini papo hapo kwenye tope, na gauni lake la kazi, akalia na kucheka kwa pamoja. Barabarani Jitu lilinyamaza. Watu wakapaza sauti, magodoro yakaanza kupanda mlima tena, mbuzi mbele.

Furaha ilipotulia ndipo akaitazama vizuri ile safu ya pili. Hakuna anayepanda masale katikati ya kihamba chake. Pale ndipo mpaka ulipokuwa. Mtu aliyakata, akayapanda mapya hatua kadhaa mbele, ndani ya ardhi ya Kisamo. Mkono wake ulikwenda haraka kuizima picha.

"Iache," alisema Mama Eliufoo taratibu. "Nilimshikia marehemu taa usiku alipoyahamisha. Unadhani lile jani lilikuwa la kuombea njia ya fuko?"

Aikande alimgeukia Mzee Kisamo. Mzee alikuwa ameshaiona picha. Jani lenye fundo lilikuwa bado mkononi mwake, na mtu akishalipokea sale halirudishi.

"Angekuwa mwaminifu mumeo," alisema mzee, akilifuta tope jani lile kwa kidole gumba, "tungekuwa na safu moja, na leo tungelala kwenye saruji." Akatikisa kichwa, akacheka mpaka macho yakamlenga machozi. "Haya, Mama Eliufoo, tunywe mbege ya ndizi zako. Iko wapi?"