Wale Wawili wa Mama Mmoja

Siku waliyojuana, Twaiba alimfukuza. Tena hakumfukuza kwa mafumbo. Alimfukuza waziwazi, mbele ya foleni nzima.

Ilikuwa Ukunda, mwisho wa mwezi, mwaka wa 1998, na kila mtu wa bara aliyebakiwa na kazi hotelini alitaka kupiga simu kwao. Ofisi ya simu na faksi ilijaa hadi barazani. Twaiba alikaa nyuma ya meza na buibui lake jeusi, ushungi wa zambarau umemkaa sawasawa usoni, akigawa laini za simu kama mama agawaye chakula kwa watoto wenye njaa. Kijana mmoja mrefu, shati la kaki limemlowa mgongoni, akapenya na kutua kasha la barafu mezani pake.

"Salaam aleikum. Nataka kutuma faksi Nairobi."

"Aleikum salaam. Humo mna nini, samaki?"

"Damu."

"Damu ya nani?"

"Ya mbwa."

Foleni ikarudi nyuma. Twaiba akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka. Mfereji uko pale nje. Nawa mara saba, moja kwa udongo, ndivyo dini inavyotaka kwa mbwa, ndipo uje uweke mkono wako juu ya meza yangu."

Watu wakacheka. Kijana akabeba kasha lake akatoka, na Twaiba akadhani ameondoka kwa hasira. Punde akarudi, mikono inachuruzika maji, kucha zimejaa udongo mwekundu.

"Saba," akasema. "Ule wa udongo nimeanza nao. Sasa utanitumia faksi, bibi mkali, au niongeze ya nane?"

Alipoondoka aliacha alama ya udongo mezani. Twaiba hakuifuta mpaka jioni, na hapo, jamani, mtu mzima angekwisha kuelewa.

Jina lake lilikuwa Chirau. Aliajiriwa kukusanya damu na nywele za mbwa kuanzia Tiwi mpaka Shimoni, na mbwa hawakukosekana, kwa kuwa hoteli zilizofungwa baada ya ghasia za mwaka uliopita ziliwaacha wakizurura Diani. Maabara ya Nairobi ilisoma damu ile ikaigeuza herufi, na herufi zikawekwa katika ghala moja kwenye kompyuta, pamoja na za mbwa wa dunia nzima na za mbwa mwitu wa nchi za baridi, ili ijulikane nani katoka kwa nani.

"Kuna kitu kidogo mno mwilini," Chirau alimweleza siku moja ofisini palipotulia. "Mtoto hukirithi kwa mamaye tu. Baba hana chake hapo. Ukikisoma unampata mama, na mama wa mama, na mama wa huyo tena."

"Na hayo ndiyo maarifa mapya?"

"Mapya kabisa."

"Basi wazungu wako wamechelewa. Sisi Wadigo tangu zamani twajua mtu ni wa kwa mamaye. Wangekuja kutuuliza tungewaambia bure."

Chirau alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo simu ya ofisi ikawa na kazi ya ziada.

"Ofisi ya simu, nikusaidie nini?"

"Nisaidie roho yangu, laazizi. Imebaki huko."

"Roho haitumwi kwa faksi, bwana."

"Basi nitaifuata mwenyewe. Nimo Shimoni, kesho navuka Mkwiro. Wameniambia kuna mbwa mmoja kule. Nikikuta ukoo wake si huu wa mbwa wa Diani, utaingia kwenye ghala ukiwa mpya, na kazi yangu itaendelea mwaka mwingine. Niombee."

Akamwombea. Lakini mapenzi ya simu hayaozeshi. Posa ilipofika kwa mjomba wake, Abubakar wa Tiwi, ambaye bila neno lake hakuna mpwa wa kike aolewaye, mzee hakukataa wala hakukubali.

"Kijana ana adabu, nimemwona," akasema. "Ila kukeni kwake ni wapi? Mama ni wa kwa nani?"

Hapo ndipo palipouma. Mama yake Chirau alifariki Msambweni alipomzaa, ndivyo baba yake alivyosema. Baba akamlea Changamwe, na yeye akafa bila kutaja jina la shemeji hata mmoja.

"Nitakuja Jumapili baada ya mwezi mwandamo," mjomba akasema. "Nikijibiwa, nitasema ndiyo. Nisipojibiwa, msinilaumu. Siwezi kumtoa binti yetu kwa mtu ambaye huenda ni ndugu yake."

Twaiba hakulala. Kesho yake alimpa Chirau kiberiti kilichofungwa uzi.

"Nywele zangu zimo. Tia na zako, upeleke Nairobi. Kompyuta yenu inajua mama za mbwa wa dunia nzima, itashindwa na sisi wawili?"

Chirau aligeuzageuza kile kiberiti. "Twaiba, kipimo hiki hakikuwekewa mambo kama haya."

"Unaogopa?"

"Siogopi," akajibu upesi mno, akakitia mfukoni.

Simu ya Nairobi ililia wiki ya mwezi mwandamo, saa ya adhuhuri. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa bara.

"Hallo, hapo ni Ukunda? Mimi ni Concepta, niko lab. Niachie Chirau message, please. Mwambie wale wake wawili, majibu imetoka. Ni mama mmoja."

Twaiba akashika ukingo wa meza. "Mama mmoja?"

"Eeh. Herufi zote ziko sawa, hakuna hata moja imebadilika. Tumerudia mara mbili. Mwambie pole sana, najua vile alikuwa anaomba watoke tofauti." Simu ikakatika.

Alifunga ofisi mchana kweupe akaenda nyumbani. Mama yake, Mwanaima, alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Mama, kabla yangu mimi, ulipata mtoto mwingine?"

Kifuu kikasimama mikononi mwa mama.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nilijifungua Msambweni, kwa mume wangu wa kwanza. Homa ilinishika nikawa sijijui. Nilipozinduka wakaniambia mtoto hayuko, ameshazikwa na watu wa baba yake." Mwanaima akaangalia nazi yake. "Hata uso sikuuona. Usiniulize tena, mwanangu. Naomba usiniulize."

Twaiba hakuuliza tena. Aliingia chumbani akajitupa kitandani na buibui lake. Msambweni. Watu wa baba. Mtoto ambaye mama yake hakumwona uso. Baba yake Chirau alisema mama kafa, lakini wanaume husema mengi. Alimkumbuka Chirau anavyocheka, akajiona anaungua kwa haya, kwa kuwa hata wakati ule, Mwenyezi Mungu amsamehe, alimpenda vilevile.

Kesho yake Chirau akapiga mwenyewe, kutoka Shimoni.

"Mpenzi, Nairobi wamepiga?"

"Wamepiga." Sauti yake aliisikia kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ni mama mmoja."

Chirau akashusha pumzi. "Basi imekula kwangu. Moyo ulikuwa ukiniambia. Haidhuru, Twaiba, sisi tutaendelea tu."

"Tutaendelea?"

"Tutavumilia. Watu wangapi huanza maisha wakiwa na hali mbaya kuliko hii na mambo yakanyooka?"

"Chirau, huna haya wewe? Humwogopi Mungu?"

"Haya ya nini sasa? Kwani ni kosa langu? Sikiliza, nina jambo jingine kubwa, ila si la kusema kwa simu. Jumapili..."

"Jumapili usije. Usinipigie tena. Ukinipenda hata kidogo, usinipigie." Akakata. Simu ikalia tena, ikalia, mpaka mteja mmoja akamwambia dada, hiyo simu vipi. Hakuigusa.

Jumapili ikafika. Mjomba Abubakar alikaa barazani na kanzu yake nyeupe, bakora kando. Twaiba alikuwa chumbani, amekwisha kukusudia kumwambia mjomba akatae bila kuuliza sababu. Ndipo akasikia hodi, na sauti aliyoijua. Alichungulia dirishani. Chirau alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, na kando yake amesimama mama mmoja wa makamo, leso za rangi ya chungwa, uso ule ule wa Chirau kama umekatwa kwa mkasi mmoja.

"Shikamoo mzee," Chirau akasema. "Nilirudi Mkwiro kwa kazi ya mbwa, mama huyu akaujua uso wangu, kumbe ni khaloo wangu. Huyu ni Mama Esha, ndugu ya mama yangu, tumbo moja. Mama amezikwa kule kule kwao, nimeliona kaburi. Sasa uliza unalotaka kuuliza."

Kama Twaiba angekuwa na subira ya dakika moja, mambo yangejifungua yenyewe. Lakini hakuwa nayo. Alitoka barazani mbele ya wageni, jambo ambalo mwari hafanyi, akalia huku anasema.

"Hiyo yote ni bure, mjomba. Siwezi kuolewa na ndugu yangu. Nairobi wamesema, mama mmoja, wamerudia mara mbili. Mama anajua."

Bakora ya mjomba ikaanguka.

"Twaiba," Chirau akasema polepole, "wale wawili ni mbwa."

"Nini?"

"Mbwa wa Mkwiro na mbwa wa Diani. Ndio wa mama mmoja. Ndiyo maana kazi yangu imekwisha." Akatia mkono mfukoni akatoa kiberiti, na uzi wake haujafunguliwa. "Chako hiki hapa. Sikukipeleka."

Mwanaima alikuwa amesimama mlangoni, leso mdomoni.

"Na mtoto wangu alikuwa wa kike," akasema. "Waliniambia hivyo hata kabla ya kuniambia amekufa. Nami nilikuomba usiniulize, Twaiba. Ungeuliza ningekwambia angekuwa dada yako."

Furaha haikumjia Twaiba kwanza. Hasira ndiyo iliyomjia. Alimgeukia Chirau.

"Nimemtonesha mama yangu kidonda cha miaka yote hiyo, na wewe umekaa na kiberiti mfukoni. Kwa nini?"

"Niliogopa. Na kipimo chenyewe, hata kingesema mama mmoja, huenda ni mama wa miaka elfu kumi iliyopita. Mle kwenye ghala mbwa wa Diani ana mama mmoja na mbwa wa Japani, nao hawajapata kuonana."

"Si ungeniambia hivyo."

"Ningekwambia hivyo, ingenibidi nikwambie pia kwamba naogopa."

Twaiba akaenda kwa mama yake akamkumbatia, akakaa hapo muda mrefu, na wageni wakaangalia pembeni kwa heshima.

"Kwa hiyo mimi," mjomba Abubakar akasema alipookota bakora yake, "nimetoka Tiwi kuja kuamua kesi ya mbwa wawili." Akamgeukia Mama Esha, wakaulizana: nyinyi ni wa kwa nani, na bibi yenu alitoka wapi, na yule aliyeolewa Vanga ni wenu au si wenu. Koo hazikukutana popote. Akamuuliza Chirau atamlisha nini mke. Chirau akajibu kwamba kuna zahanati Msambweni inatafuta mtu wa maabara, wa kupima watu, naye ameshaomba.

"Bora watu," mjomba akasema. "Haya. Mimi nimesema ndiyo. Mwenyewe binti sijui atasemaje."

Pilau ilipoiva Mwanaima alimpa Twaiba birika na beseni akanawishe wageni. Alimnawisha mjomba, akamnawisha Mama Esha. Kwa Chirau akamimina, akasita, akamimina tena, na tena.

"Twaiba," mjomba akasema, "mgeni mmoja anamaliza birika zima?"

"Huyu hushika mbwa, mjomba. Ni mara saba."

Chirau aliinua macho kwa hadhari, kama mtu asiyejua kama ameitwa au amefukuzwa. "Na udongo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Twaiba akatua birika. Kizingitini palikuwa na kopo la mrehani wa mama yake. Akachota udongo kidogo, akauweka katikati ya kiganja cha Chirau.

"Huu ni wa kwetu," akasema. "Nawa, uje ule."