Waridi Lenye Homa

Katika miaka ile ya ruksa, watu walipoanza kuuza kila kinachouzika, pale kijijini Sepuka hakuna aliyehangaika na mmea usioliwa. Mbele ya nyumba mtu alipanda alizeti, na karibu na mahali pa kuogea akapanda mchicha. Bibi Dorika peke yake alikuwa na waridi.

Kipande cha kwanza alikipata ujanani kwa masista wa misheni aliokuwa akiwafulia, na tangu hapo alililea kama mtu wa nyumbani. Kila asubuhi alilimwagia maji aliyooshea vyombo, polepole, shinani na si kwenye majani. Mvua zikikaribia alilipogoa. Kila tawi alilikata mshazari, juu kidogo ya jicho la kuchipulia, kisha akaweka samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza na kuifunika kwa nyasi kavu. "Ukilikata vibaya linakaa na kidonda mwaka mzima," alikuwa akimwambia Yustina, ambaye mlango wake ulitazamana na wake.

Yustina alikuwa mke wa Laurian. Laurian alifanya kazi mjini Singida kwenye mashine mpya ya kukamua alizeti na alirudi kijijini mwisho wa wiki. Yustina mwenyewe aliuza mitumba minadani. Mtoto wao wa kwanza, Elisha, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Siku za mnada Yustina alimwacha kwa Bibi Dorika, na jioni alimkuta ameshiba, amelala kwenye kivuli karibu na lile waridi.

Asubuhi moja ya Julai, upepo ukivuma kama unavyovuma Singida miezi ile, Elisha aliamka kimya. Yustina alimgusa shingoni. Alikuwa wa moto. Jana yake alikuwa wa moto vilevile, na juzi alikataa uji. Baadaye Yustina alijaribu sana kujiambia kwamba hakujua. Alijua. Lakini alikuwa amefungua robota jipya lenye makoti ya watoto, na baridi ile ilikuwa ndiyo siku yake ya kuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaniachia?"

"Hadi jioni tu."

Bibi Dorika aliweka mgongo wa kiganja kwenye paji la mtoto, akakaa hivyo kidogo.

"Huyu ana homa, Yustina. Mpeleke zahanati kwanza. Mnada utaukuta."

"Ni joto la kubebwa mgongoni, bibi. Litashuka."

Akaenda. Makoti yalikwisha yote. Aliporudi jua likielekea kuzama alikuta mlango wa Bibi Dorika umefungwa na watu wamesimama barabarani. Bibi alikuwa amembeba Elisha mgongoni na kutembea naye hadi zahanati. Mtoto alikata roho wakiwa bado kwenye foleni.

Baada ya mazishi waombolezaji walikaa uani kwa Laurian. Gaspari, baba mdogo wa Laurian, ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mganga wa zahanati anasema mtoto alichelewa kuletwa. Ulimwachaje asubuhi ile, mwanangu?"

Yustina aliinua macho. Laurian alikuwa amekaa mbele yake, macho mekundu kwa kulia, akisubiri jibu kama wengine. Yustina alifungua mdomo, na uongo ukatoka mwepesi kuliko alivyodhani.

"Nilimwacha mzima."

Hakusema zaidi. Hakuna aliyehitaji zaidi. Mtoto mzima asubuhi, maiti mchana, mikononi mwa mwanamke mzee anayeishi peke yake na kulea mti usioliwa. Wanaume waliinuka mmoja baada ya mwingine.

Hakuna aliyempiga, na hilo wanalisema hadi leo kana kwamba linawasaidia. Walivunja mlango, wakateketeza godoro na blanketi, wakamwambia jua lisimkute kijijini. Bibi Dorika alitoka na kanga aliyojifunga. Alipofika mbele ya mlango wa Yustina alisimama. Yustina alikuwa ndani, akichungulia kwenye upenyo.

"Yustina, mwanangu," bibi alisema kwa upole. "Sema."

Yustina hakusema.

Wachungaji wa mifugo walimkuta kesho yake kando ya njia ya Ikungi, amejikunja, kanga ameivuta hadi kichwani. Baridi ndiyo iliyomuua. Gaspari alikuwa mmoja wa waliombeba kumrudisha, na walimzika nyuma ya nyumba yake bila mchungaji wa kanisa wala wimbo.

Laurian hakuweza tena kukaa Sepuka. Alipata vyumba viwili Mandewa, pembeni mwa mji. Siku ya kuhama, Yustina alipita kwenye nyumba tupu ya jirani yake. Waridi lilikuwa limekanyagwa na kuungua, ila tawi moja lilikuwa na jicho la kijani. Alilikata mshazari, kama alivyoonyeshwa, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji. Hakujua anatafuta nini. Pengine alidhani kwamba likiishi, kuna kitu kitakachopunguka kifuani mwake. Laurian alipouliza, alimwambia limetoka misheni.

Lilishika. Alilimwagia maji ya vyombo, akaliwekea samadi, akalipogoa kabla ya mvua. Eliana alizaliwa, akakaa, akatambaa, na waridi likakua naye hadi kufika dirishani. Lakini halikutoa ua. Matawi yalirefuka, majani yakang'aa, na miiba ikawa mingi. Majirani walisema labda ni dume.

Kisha, Julai moja, likatoa tumba.

Yustina aliliona alfajiri akifagia. Lilikuwa limeanza kufunguka, jekundu la kuiva. Upepo ulikuwa ukikata masikio. Alinyoosha mkono kuligusa, akaurudisha.

Lilikuwa la moto.

Alitazama juu. Jua lilikuwa halijachomoza. Aligusa jani. Baridi, lina umande. Aligusa tawi. Baridi. Akagusa ua tena, taratibu, kwa vidole viwili. Joto lile halikuwa la jua wala la moto wa jikoni. Aliwahi kulishika mahali. Shingoni. Chini ya sikio.

Alimwita Laurian. Laurian alitoka na mswaki mdomoni, akalishika ua kwa kiganja kizima.

"Lina nini?"

"Huhisi kitu?"

"Ua tu hili, mama Eliana. Zuri." Akarudi ndani.

Siku zilizofuata likaongezeka joto. Umande ulikauka juu yake wakati majani yake yakiwa yamelowa. Yustina alipolimwagia maji shinani, petali zilitetemeka kidogo kidogo, kwa kupokezana, kama mtoto anayetetemeka homa ikipanda. Upepo ulikuwa umetulia wakati huo. Alianza kutokea mlango wa nyuma ili asilipite.

Mchana mmoja alimkuta Eliana amesimama mbele ya ua lile. Hakuwa amefikisha umri wa kusema sentensi. Alikuwa amejinyoosha kwa vidole vya miguu, na mgongo wa kiganja chake ulikuwa juu ya petali. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kupima mtu hivyo.

"Mtoto anaumwa," Eliana alisema.

"Mtoto gani?"

Eliana aligeuka akamtazama mama yake, kwa subira, kama mtu mzima anayejua kwamba ameeleweka.

"Mpeleke," akasema.

Usiku huo Yustina hakupata usingizi. Kulipopambazuka alikwenda kuligusa ua. Lilikuwa limepoa. Kwa mara ya kwanza lilikuwa baridi kama majani yake. Alisimama pale akipumua. Alikaribia kucheka. Kisha akasikia ukimya wa ndani ya nyumba.

Eliana alikuwa amelala macho wazi. Paji lake lilikuwa linaunguza.

Siku ile ilikuwa ya mnada. Marobota yalikuwa yamefungwa mlangoni. Yustina aliyaruka. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia peku hadi hospitali, akapita foleni yote bila aibu.

"Imeanza lini?" muuguzi aliuliza.

"Sasa hivi," Yustina alisema. Halafu akaanza kulia. "Mwingine ilikuwa siku ya tatu. Nilijua. Niliona tangu siku ya kwanza."

Muuguzi hakuelewa. Aliandaa sindano. Jioni Eliana alikunywa uji.

Waliporudi Mandewa, petali zote zilikuwa chini. Yustina alimsimulia Laurian yote usiku ule, hadi mwisho. Laurian alisikiliza akitazama ukuta. Kisha alichukua blanketi, akaenda kulala chumba cha mbele, na kwa muda mrefu hakusema naye ila la lazima.

Yustina alichimba waridi pamoja na udongo wake, akaliweka kwenye gunia, akapanda nalo gari la Sepuka. Nyuma ya magofu kaburi la Bibi Dorika lilikuwa limedidimia. Alikuwa akichimba shimo wakati Gaspari alipotokea na fimbo yake, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Namrudishia chake." Yustina hakuinuka. "Baba, yule mtoto hakuwa mzima. Nilimwacha na homa. Bibi aliniambia nimpeleke, nikakataa."

Gaspari alitazama njia, kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu.

"Usiseme hilo," alinong'ona.

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Siku ile ile nilijua, nilipokuona unavyomtazama Laurian." Aliegemea fimbo. "Tulikuwa wengi, mwanangu. Wengine wana wajukuu sasa. Ukisema, tutaishije? Panda ua lako uende."

Akaondoka. Yustina alilipanda, akalishindilia, akamwaga maji polepole shinani. Akasema kwa sauti lile aliloombwa kulisema mlangoni siku ile. Alilisema mbele ya kaburi, na hakuna aliyejibu. Aliligusa waridi kabla ya kuondoka. Lilikuwa mti tu.

Mandewa kukatulia. Eliana alinenepa. Laurian alirudi kulala kitandani, ingawa jina la Elisha halikutajwa tena baina yao.

Baridi ya mwaka uliofuata Gaspari alikuja. Yustina alimfungulia na kushtuka alivyokonda. Alikuwa amevaa makoti mawili, na mikono yote ameificha kwapani. Hakutoa mkono kupokea salamu. Yustina alimkaribisha kiti, akamwekea chai ya moto mezani, na Eliana akaja kuegemea meza kumtazama mgeni.

"Lile waridi," Gaspari alisema. "Ulilipanda kaburini tu?"

"Kaburini tu, baba."

"Lipo mlangoni kwangu. Lipo kwa jirani yangu Alute. Lipo kwa kila mtu tuliyekwenda naye siku ile. Limepandwa vizuri, na samadi, na nyasi juu." Alitazama mlangoni. "Tunalikata. Asubuhi linakuwa limesimama, na ardhi imelowa. Sasa limetoa maua."

Yustina aliogopa kuuliza, akauliza.

"Yana homa?"

Gaspari alitikisa kichwa.

"Yetu ni ya baridi," alinong'ona. "Niliibeba miguu ya yule bibi asubuhi ile, Yustina. Ninaijua ile baridi. Tangu niliposhika lile ua, haijatoka tena mikononi."

Akatoa mikono kwapani, akakizungushia kikombe viganja vyake viwili. Mvuke wa chai ukakatika. Alikaa hivyo kidogo, kichwa ameinamisha, kisha akakiacha bila kunywa, akaaga, akatoka.

Yustina alimsindikiza kwa macho hadi barabarani. Aliporudi ndani Eliana alikuwa amepanda kiti cha mgeni. Ameingiza kidole kwenye kikombe na anagonga, ko, ko, ko, juu ya chai.

"Mama," alisema, "hiki kigumu ni nini?"