Theluji ya Uongo Kwenye Dishi

Kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, Risten alikuwa na kazi moja. Alitoka nje ya kibanda, akafuta dishi kwa glavu, kisha akarudi kumweleza Torleif wa kituoni, kwa mtambo wa mawasiliano, hali ilivyo. Majibu yalikuwa matatu tu: safi, ukungu au theluji.

Vibanda tisa vya wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi vilitumia setilaiti moja, na nguvu ya kurusha mawimbi ilikuwa na kikomo. Torleif ndiye aliyeigawa. Aliyefunikwa na theluji aliongezewa, mwenye anga safi alipunguziwa. Hakuna aliyepanda mlimani kukagua, neno la mtu lilitosha.

Asubuhi hiyo Risten alikuwa amefura kwa hasira. Jana yake alikuwa akiwasomea wanafunzi wenzake wa mjini insha kwa video, picha ikaganda akiwa ameachama, darasa zima likacheka. Halafu Jovnna, mtoto wa baba yake mkubwa Áilu, aliyekaa kibanda cha juu penye dhoruba, akamtumia ujumbe: "Pole, dada. Huku kwetu picha inang'aa kama kioo."

"Kila siku wao," Risten alinung'unika. "Sisi tule makombo?"

Anga ilikuwa buluu tupu. Dishi lilikuwa kavu. Akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Theluji," alisema.

"Nyingi?" Torleif aliuliza.

"Imefunika dishi lote."

"Haya, mwanangu, nakuongezea. Nitapunguza kwa akina Áilu, wao leo hawajasema kitu."

Siku hiyo picha haikuganda hata mara moja. Risten alisoma insha nzima, mwalimu akamsifu, naye akajiambia kwamba kumbe haki hutafutwa.

Adhuhuri mlango ulisukumwa kwa kishindo. Jovnna aliingia akiburuta miguu, nyusi zimejaa barafu, mbao za kutelezea thelujini zikiwa bado mkononi.

"Baba kaangukiwa na pikipiki ya theluji," alisema akihema. "Paja limevunjika, damu haikati. Mama anapiga simu tangu asubuhi, mtambo unakataa. Nimeteleza saa tatu nzima."

Niillas, baba yake Risten, aliyekuwa zizini, alikuja mbio na kumpigia daktari. Daktari alisema upepo ni mkali juu huko, helikopta haiwezi kuruka kwa saa mbili. Alitaka kuzungumza na mama yake Jovnna mara moja, amwelekeze namna ya kufunga paja, lakini kila alipompigia, sauti ilifika vipandevipande. Niillas akamwita Torleif.

"Mwongezee shemeji yangu nguvu."

"Niitoe wapi, Niillas? Nyingi nimekupa wewe, kwa sababu ya theluji yako."

Niillas akatazama dirishani. Jua lilikuwa likiwaka juu ya dishi.

"Theluji gani?"

Risten alijua anaweza kusema imeyeyuka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akaona vidole vya Jovnna, vyeupe kwa baridi.

"Hakukuwa na theluji," alisema. "Nilidanganya. Utuzime sisi, Torleif, nguvu yote mpe Mama Mkubwa."

Taa ya mtambo ikazimika. Wakabaki bila habari yoyote, hawajui kule juu kinaendelea nini. Risten alimpelekea Jovnna supu ya moto.

"Usinisogelee," Jovnna alisema. "Baba yangu anavuja damu ili wewe uonekane mzuri kwenye video."

Risten aliiweka supu chini akaketi mbali, akijichukia.

Baada ya saa mbili helikopta ilipita juu ya kibanda ikielekea mlimani. Baadaye taa ya mtambo ikawaka tena. Mama Mkubwa alisema paja lilifungwa kama daktari alivyoelekeza, na Áilu amefika hospitali akiwa hai. Jovnna akafunika uso kwa mikono na kulia.

Niillas akamgeukia binti yake.

"Nina hasira na wewe, Risten, na sitaificha. Umekiri, na kukiri kwako kumemwokoa baba yako mkubwa. Lakini Torleif haoni huku mlimani. Macho yake ni maneno yetu. Ukimdanganya mgawaji, humwibii yeye, unamwibia aliye kwenye dhoruba."

Kesho yake Risten alitoka, akafuta dishi, akarudi.

"Safi," alisema.

Torleif akauliza, "Una hakika?"

Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Risten hakukasirika. Alirudi nje, akalipapasa dishi kwa mkono mtupu kuanzia juu hadi chini, akaingia tena ndani.

"Safi, Torleif," alisema. "Tupunguzie."